Mtu Aliyerudishwa na Bahari

Jumatano, 9 Oktoba

Mimi nina bahati. Niandike hilo kwanza, maana mtu asipojisifu mwenyewe atasubiri msiba wake ndipo asifiwe, na siku hiyo hasikii. Wapo wenye mali, wapo wenye sura. Mimi Mungu alinipa bahati. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu, baharia kwenye meli ya mizigo, dhoruba ilinifagia kutoka juu ya deki — chubwi! — nikasema kwaheri dunia. Wimbi la pili likanizoa likanirudisha palepale. Nimesimama. Kofia kichwani. Sigara bado inawaka.

Wengine hapo kwenye sigara wanaguna. Shauri yao.

Kwa bahati hiyo nilioa. Tulikuwa wawili tunaomtaka Mama Pacha: mimi na karani wa ardhi, mwenye pikipiki na shati lenye kola. Mimi nilikuwa na sindano ya kushonea makochi na ile hadithi. Baba mkwe alinisikiliza hadi chai ikaota ngozi, akasema: "Mtu aliyerudishwa na bahari, mimi ni nani nimrudishe?" Karani akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Leo miaka ishirini na sita. Pacha wetu wamekua, wana kazi zao, wametulipia safari ya mji huu wa ufukweni siku tano, mimi na mama yao. Mama yao alikuwa hajaiona bahari. Tulipotoka kwenye kona ya mwisho ikajitandaza yote, akashika mdomo.

"Baba Pacha! Hii yote uliizunguka?"

"Yote."

"Na hukuogopa?"

"Yenyewe ndiyo iliyoniogopa."

Chumba kizuri. Dirisha linaona maji. Kochi la mapokezi aibu tupu — nililikalia likaguna kama mgonjwa, misumari nje nje. Fundi aliyelishona angekuwa kwangu ningemrudisha kwenye kufunga vifurushi.

Pacha wametuandikia karatasi ya mambo ya kufanya, wameibandika kwenye begi. Kupanda mnara wa taa. Baiskeli za kukodi. Boti yenye kioo chini. Kutazama samaki kwa miwani ya maji. Siku ya mwisho, safari ya fungu la mchanga, kile kijisima cha... hapana, si kisima, ni kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bahari. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: BABA AMFUNDISHE MAMA KUOGELEA.

Watoto hawa.

(Naandika kwenye daftari langu la vipimo. Mbele makochi ya wateja, nyuma mimi mwenyewe. Mama Pacha halifungui. Anasema linanuka gundi.)


Alhamisi, 10 Oktoba

Mnara wa taa. Ngazi mia moja na kumi na mbili. Kila kumi nilisimama — kutazama mandhari, nilimwambia. "Mandhari gani humu ndani ya ukuta?" akauliza. Yeye alipanda kama mbuzi. Juu kule upepo ulimvua kitambaa akacheka. Nikamwonyesha njia za meli. Nilinyoosha kidole huku na huku. Kidole hakiulizwi ushahidi.

Baiskeli nazo, hapo nilitesa! Niliachia mikono yote miwili barabara ya ufukweni. Niliingia kwenye ua wa watu, kweli, lakini niliingia kwa madaha.

Mchana, boti ya kioo. Na hapo ndipo alipoingia huyu bwana.

Watu wanamwita Mapezi, kwa vile viatu vya mpira vya kuogelea anavyotembea navyo shingoni kama tai. Yeye ndiye mwongozaji: boti yake, wageni wake, samaki wake, utadhani na bahari kaandikiwa hati. Si kijana. Ana mvi mbili tatu kwenye ndevu, zile mvi zinazompendeza mtu. Mimi mvi zangu zimenikalia kama vumbi la sponji. Mabega yake kochi la watu watatu.

Mimi sikupanda. Nilimwambia Mama Pacha sikio langu la kushoto, lile lililojeruhiwa na dhoruba, linakataa boti ndogo. Tena mtu aliyezoea meli kubwa kumpandisha kiboti ni sawa na kumpandisha dereva wa lori kwenye kigari cha kuchezea. Mapezi akasikia.

"Kumbe Mzee ni baharia! Ulikuwa deki au injini?"

"Kote kote," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Hongera," akasema. Halafu akampa Mama Pacha mkono apande. Mkono ule ulikaa muda wa kushona pindo la mto mzima!

Waliondoka. Nikakaa mchangani nikila karanga. Kutoka nchi kavu nilimsikia Mama Pacha akicheka. Kicheko kile mara ya mwisho nilikisikia mkunga aliposema, subirini, kuna mwingine anakuja.

Alirudi na habari za samaki wa rangi ya manjano wenye midomo kama wanapiga mluzi. Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kasema vile.

Mwalimu! Boti ya kioo ina ualimu gani? Mtu anakaa anatazama chini.


Ijumaa, 11 Oktoba

Sijala vizuri. Nimekula mayai manne tu.

Leo ilikuwa miwani ya maji. Kwanza lazima mtu ajue kuelea, na kwa kuwa sikio langu linajulikana, Mapezi akajitolea. Mama Pacha kaingia majini na fulana na bukta — bukta yangu! — na lile jaketi la kuelea la rangi ya chungwa ambalo lazima kila mtu avae. Mapezi ndiye aliyemfunga mikanda. Mitatu. Kila mkanda anavuta, anauliza, "Inabana, Mama?" Mimi ni fundi. Mkanda ukitazamwa kwa jicho unajulikana umebana. Hauulizwi maswali.

Maji yaliwafika kiunoni. Akamweka vidole viwili mgongoni, vidole viwili tu, nilivihesabu, akamlaza chali. "Jiachie, Mama. Maji yatakubeba. Jiachie."

Ikanichoma hapa. Si vidole. Lile neno. Miaka ishirini na sita nimemwambia mke wangu harakisha, shika hapa, leta mkasi, wateja wamefika. Jiachie sijamwambia hata siku moja.

Akajiachia. Vidole vikatoka. Mama Pacha juu ya maji, peke yake, kama jani.

Alikuja mbio akidondoka maji, macho yanawaka. "Baba Pacha! Nimeelea! Umeniona?"

Nikasema: "Chai imepoa."

Ndicho nilichosema. Nimekiandika ili nikione. Chai imepoa! Mdomo huu, dhoruba nzima naweza kuisimulia na ngurumo zake, halafu kwa mke wangu unatoa chai.

Alikaa akanywa ile chai baridi yote.

Jioni nilimwona Mapezi akikunja kamba. Akaniita pembeni, kwa adabu, sauti chini. "Mzee, mimi huwa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna mtu. Kwenye maji ya magoti wote ni wanafunzi. Karibu ukitaka."

Anamaanisha nini? Mimi? Nikamwambia wakati yeye ananyonya mimi nilikuwa naogelea na nyangumi. Akasema sawa, Mzee, samahani. Ana samahani laini mpaka unatamani kumpiga.


Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi tumegombana. Si sana, ugomvi wa watu wa ndoa ndefu: kila mtu anakunja nguo ya mwenzake kwa nguvu.

Alisema: "Kesho ni fungu la mchanga. Twende wote. Wanao wameandika wewe unifundishe, si mtu wa kuokota."

"Sikio, Mama Pacha."

"Sikio gani hilo, mbona redio ya jirani wa ukutani unaisikia hadi matangazo?"

"Redio si chumvi."

Akakaa kitandani. Akasema taratibu kwamba tangu aolewe anangoja kuona hiki kitu kimoja: mimi ndani ya bahari. Si mnara, si samaki. "Nilikuwa nikikusikiliza ukisimulia, nawaza, siku moja nitamwona kwao."

Kwao! Nikatoka nje kununua sigara. Niliacha kuvuta mwaka ule pacha walipoanza shule.

Wivu ni ugonjwa wa ajabu, ukiuficha unatokea usoni, ukiutoa unachekwa. Nilizunguka ufuko wote. Nikafika kwenye kibanda cha vifaa. Pale anakaa mama mmoja mnene, mcheshi, anagawa miwani na majaketi, wanamwita Mama Maboya. Alikuwa anapigana na jaketi lililochanika ubavu. Ameshika sindano kama ameshika nge.

"Lete hapa," nikasema.

"Baba, utaweza?"

"Mama, nilishashona kochi la jaji."

Basi hapo nikawa mtu tena! Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalifungua lile jaketi lote. Ndani uozo mtupu: vipande vyeupe vigumu, vinamomonyoka kama mkate wa juzi. Nani anamvalisha mtu kitu kigumu hivyo? Mbavu za mtu zina haki zake. Nikamwuliza kama ana sponji. Akaniletea godoro la kitanda cha ufukweni lililotupwa, sponji zito, zuri, daraja la kwanza. Nikakata kwa kipimo, mbele mawili, mgongoni moja, nikajaza mpaka kwenye pembe, nikashona pindo mara mbili kwa mshono wa kurudi nyuma. Halafu nikabadilisha mikanda. Mitatu, inayofungwa na mvaaji mwenyewe. Mwongozaji hahitajiki hapo!

Mama Maboya akalibinya. "Laini! Kama mtoto mchanga!" Halafu akasita. "Lakini Baba, sponji hili ni la mambo ya baharini kweli?"

Nikacheka nikajipiga paja. "Mama Maboya. Mimi nimekaa baharini miaka saba. Unamwuliza samaki habari za maji?"

Akacheka na yeye. Akalitundika na mengine.

Nilipomwonyesha Mama Pacha alilizungusha mikononi, akapitisha kidole kwenye mshono. Anaujua mshono wangu, angeutambua gizani. "Kesho nitavaa hili," akasema. "Mengine yote wavae wenyewe." Na uso ukafunguka. Tukala samaki. Nilimsimulia tena lile wimbi, akanisaidia pale kwenye kofia.

Sikumwambia nilichokuwa nawaza wakati nashona, niseme hapa. Niliwaza: kesho atakuwa kule na yule bwana wa mabega, mimi nitakuwa huku. Lakini kinachomshika kifuani ni kazi yangu. Mikono yangu ndiyo itakayokuwa imemkumbatia.

Lala, Mapezi. Umeshindwa.


Jumapili, 13 Oktoba

Wameondoka saa tatu. Wageni tisa na Mapezi. Mama Pacha alilitoa jaketi langu katikati ya yote kumi, akalivaa mwenyewe, mikanda mitatu, tap, tap, tap. Mapezi alinyoosha mkono akaurudisha bila kazi! Nilifurahi kuliko siku nilipopata duka.

Kabla hajapanda alinigeukia. "Hata leo huji?"

"Sikio."

"Haya." Akaniangalia kama anayefunga mlango taratibu ili asiamshe watu. Akapanda.

Mapezi aliwatangazia kwamba kabla ya fungu watasimama mahali penye matumbawe makubwa, panaposhuka, maji rangi ya wino, waruke watazame samaki. Kila mtu na jaketi lake, hakuna wasiwasi. Mama Pacha akapiga makofi.

Nimerudi chumbani. Niwe mkweli, roho haijatulia, wivu umerudi na mizigo yake. Watakula pamoja kule. Atamwonyesha nini? Nitaoga, nitavaa shati la bluu, niwapokee kama bwana. Maji ya bomba yamekatika, nitatumia ya ndooni, ile niliyonawia jana baada ya kushona —


Jumapili, ufukweni

Ndoo. Jana nilinawa nikatumbukiza kipande cha sponji lililobaki, nikalikamua mara mbili tatu kutoa uchafu mikononi, nikaliacha humo. Nilidhani litakuwa juu. Halikuwa juu. Liko chini kabisa ya ndoo, limetulia, kama jiwe. Nikalitoa, nikalikamua, nikalirudisha. Lilielea kidogo. Nikalibinya mara moja tu. Likanywa. Likazama.

Sponji linakunywa! Mimi fundi wa miaka thelathini, nimekausha makochi ya watu waliomwagikiwa chai, najua sponji linakunywa! Lile gumu jeupe, lile nililolicheka, lilikuwa gumu kwa sababu hiyo. Halinywi. Mtu yeyote aliyelala usiku mmoja kwenye meli angelijua.

Maji ya kiunoni angesimama. Lakini wanakwenda kwenye wino.

Nimekimbia na daftari mkononi, sijui kwa nini, bila viatu. Mama Maboya alikuwa anapanga miwani. Nikamwambia piga simu, mpigie Mapezi, asimruhusu mke wangu kuruka. Simu ikalia — mezani kwake, ndani ya sanduku. Mapezi huwa anaiacha hapo isilowe.

"Kuna nini, Baba?"

"Jaketi. Nimeweka sponji la kochi."

"Si ulisema —"

"Nilisema."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Akatazama saa ya ukutani, akasema watakuwa wanakaribia matumbawe, wenyewe huenda polepole, kuna wazee. Kipo kiboti kidogo cha injini nyuma ya kibanda. Tunaweza kuwawahi. Tunaweza. Ila yeye ashike usukani, na mtu wa pili akae mbele, atazame, apunge shati, na ikibidi —

Akasema: "Bahati nzuri upo wewe. Baharia. Twende."

Majaketi yote kumi yameondoka. Hakuna hata moja.

Ameingia ndani kuchukua mafuta. Nasikia dumu linagonga sakafu. Kiboti kiko hapa mbele yangu, kinachezacheza, maji yananifika vifundoni. Naandika ili akitoka asinikute nikiyatazama maji.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo nilikuwa nikiitumia kuwachekea watu.

Mama Pacha, yule bwana hakukukosea kitu. Aliniita niende asubuhi saa kumi na mbili nikajifunze kwenye maji ya magoti, hakuna mtu anayeona. Ningekwenda ningejua angalau kuelea. Nilimwonea wivu mtu kwa kukufunga mikanda vizuri.

Anakuja. Dumu bega moja. Daftari nitaliacha hapa kwenye meza ya miwani, juu ya sanduku lenye simu ya Mapezi. Nauacha wazi ukurasa huu huu.

Hakuna meli. Miaka ile saba nilikuwa ghalani, nchi kavu, nashona magodoro ya mabaharia. Wao walisimulia, mimi nilisikiliza. Hakuna dhoruba. Kofia, sigara, sikio — hakuna. Bahari haikunirudisha. Haijawahi kunichukua. Sijui kuogelea.

Ananiambia panda, Baba. Napanda.